Miamba ya Volkano Yenye Chembe Ndogo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yamekusanywa kutoka kwa wanafunzi wa sekondari wa Unguja na Pemba, watembeza wageni, na watu wanaookota mawe pwani wakataka kujua yametoka wapi. Mengi yanarudi kila mwaka kwa maneno yaleyale. Pale ambapo jibu limekwisha kutolewa kwingine, msomaji ataelekezwa kwenye swali husika.

## Mambo ya mwanzo

1. Unamu wa mwamba ni kitu gani?

Unamu ni jinsi chembe za mwamba zilivyo kwa ukubwa, kwa umbo na kwa namna zilivyoshikana. Unamu si rangi ya jiwe, wala si ugumu wake, wala si orodha ya madini yaliyomo. Miamba miwili inaweza kuwa na kemikali zilezile ikatofautiana kabisa kwa unamu, kama mchele uleule unavyoweza kutoa vitumbua au mkate wa kumimina, kutegemea ulivyopikwa. Basalti na gabro ni mfano mzuri: kemikali zao hukaribiana sana, lakini chembe za basalti ni ndogo na za gabro ni kubwa.

Mwamba wa chembe ndogo ni ule ambao fuwele zake nyingi, yaani chembe za madini zilizopangika sawasawa, hazitambuliki moja moja kwa macho matupu. Wataalamu wengi huweka mpaka kwenye milimita 1. Huo ni mpaka wa kurahisisha kazi tu, kwa maana miamba yenyewe haina mstari wa namna hiyo.

2. Je, miamba hii inapatikana Unguja na Pemba?

Miamba ya volkano ya asili ya hapa haionekani juu ya ardhi. Unguja kwa sehemu kubwa ni mawe ya matumbawe na chokaa, na Pemba ni mchanga na udongo wa mfinyanzi wa zama za Miosini, pamoja na mawe ya matumbawe kandokando ya pwani. Ndiyo sababu kuta za Mji Mkongwe ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Jiwe la volkano likionekana hapa, basi limeletwa na bahari, na chombo au na mtu.

Hata hivyo miamba yenyewe haiko mbali. Kisiwa cha Ngazija, ambako familia nyingi za Unguja zina jamaa, ni volkano tupu, na mlima wake wa Karthala wenye mita 2,361 ulilipuka mara kadhaa kati ya mwaka 2005 na 2007. Kwa upande wa bara iko Kilimanjaro, iko Rungwe, na iko Ol Doinyo Lengai ambayo imewekewa swali lake mwishoni. Tena wengi wetu tunalo jiwe la volkano bafuni bila kulifikiria: lile jepesi la kijivu la kusugulia miguu.

3. Nitajuaje kwamba jiwe jeusi ni basalti na si tumbawe lililochafuka?

Likwangue kidogo upate unga, kisha udondoshee siki kali. Jiwe la matumbawe ni chokaa, kwa hiyo litatoa povu, basalti haitoi. Angalizo ni moja tu: basalti yenye lozi nyeupe (tazama Swali la 10) inaweza kutoa povu mahali palipo na lozi, na watu wengi wamedanganyika kwa hilo.

## Namna chembe zinavyozaliwa na kukua

4. Je, ni kweli kwamba lava ikipoa haraka hutoa chembe ndogo, na ikipoa polepole hutoa chembe kubwa?

Hilo ndilo jibu la mtihani. Si uongo, lakini limeacha nusu ya habari, na nusu iliyoachwa ndiyo inayoeleza maajabu yote yanayofuata katika ukurasa huu.

Fuwele inahitaji mambo mawili tofauti. La kwanza ni kuzaliwa: atomi chache zikutane, zipangike sawasawa, zifanye mbegu isiyoyeyuka tena. La pili ni kukua: atomi nyingine zisafiri ndani ya uji wa moto mpaka zifike kwenye mbegu hiyo na kujishikiza. Mambo haya hayaendi kwa mwendo mmoja. Magma, yaani mwamba ulioyeyuka ambao ukitoka juu ya ardhi huitwa lava, ikishuka kidogo tu chini ya joto ambalo fuwele ingeanza kutokea, mbegu zinazozaliwa ni chache, ilhali ukuaji ni mwepesi, hivyo zile chache hujipatia kila kitu na kunenepa. Ikishuka sana, mbegu huzaliwa kwa mamilioni, uji umeshakuwa mzito, na kila mbegu hupata haba. Ikishuka zaidi ya hapo kwa ghafla, hata mbegu hazipati nafasi ya kuzaliwa, na kinachobaki ni kioo, yaani jiwe lisilo na fuwele.

Aliyewahi kupika kashata anajua jambo hili kwa mkono wake. Shira ya sukari ikishakuwa nzito, ukianza kuikoroga ingali inachemka, kashata hutoka na chembe za sukari zinazokwaruza ulimi, kwa sababu mbegu za mwanzo zilikuwa chache zikapata wasaa wa kukua. Ukiiacha kwanza ipungue moto ndipo ukaikoroga kwa nguvu, chembe huzaliwa nyingi kwa mpigo mmoja na kashata huwa laini. Na shira iliyopikwa mpaka maji yakakaribia kwisha, ukaimwaga juu ya sinia baridi bila kuigusa, hugeuka kuwa kitu cha kung'aa kinachopasuka kama kioo cha dirisha. Sukari ni ileile na jiko ni lilelile. Mfano huu una mpaka wake, kwa kuwa shira ina sukari peke yake na magma ina madini kadhaa yanayogombea atomi zilezile, lakini hesabu ya mbegu na ukuaji ndiyo hiyo.

Kwa hiyo ukubwa wa chembe haukuambii moja kwa moja muda uliopita. Unakuambia ni mbegu ngapi ziligawana chakula.

5. Haya yalijulikanaje, na nani alikaa ndani ya volkano?

Hakuna aliyehitaji kukaa humo. James Hall wa Scotland alitoa mwaka 1798 matokeo ya majaribio yake ya kuyeyusha mawe meusi ya kwao katika tanuri. Alipoyapoza haraka alipata kioo. Alipoyeyusha tena kioo hicho na kukipoza taratibu, alipata jiwe lenye fuwele linalofanana na la mwanzo. Wazo lilimjia kutokana na kiwanda cha vioo, ambako kioo kilichosahaulika kupoa polepole kilikuwa kimegeuka kuwa kitu kizito kisichopitisha mwanga. Wakati huo lilikuwa jambo kubwa, kwa kuwa wasomi wengi walishikilia kwamba basalti ilitokana na maji ya bahari.

Mwaka 1804 Gregory Watt alieleza jinsi alivyoyeyusha mamia ya kilo ya basalti na kuiacha ipoe kwa siku nyingi, kisha akaangalia unamu unavyobadilika kutoka ukingoni kwenda katikati. Baada ya vyombo vya Apollo kurudi na basalti za Mwezini, maabara zilianza kupoza magma bandia kwa mwendo uliopimwa kwa saa na nyuzi za joto. Gary Lofgren alionyesha mwaka 1974 kwamba feldspa (madini ya kawaida sana katika miamba hii) ya aina moja hutoka na maumbo tofauti kadiri kupoa kunavyozidi: kwanza vibao vilivyonyooka, kisha mifupa yenye matundu, kisha matawi kama ya unyoya, na mwisho mafundo ya nyuzi zinazotawanyika kutoka katikati.

Maumbile nayo yamefanya jaribio lao. Mwaka 1959 shimo la Kilauea Iki huko Hawaii lilijaa lava yenye kina cha zaidi ya mita 100. Wataalamu walitoboa ganda lake mara kwa mara, na ilichukua zaidi ya miaka 30 kwa lava ya ndani kuganda.

6. Kwa nini lava nyingine hugeuka kuwa kioo kwa urahisi na nyingine hukataa?

Sababu kubwa ni mnato, yaani ugumu wa kutiririka, na mnato hutokana hasa na silika (kiwanja cha silikoni na oksijeni). Basalti ina silika ya asilimia 45 hadi 52 na hutoka ikiwa na joto la nyuzi 1,100 hadi 1,200 za Selsiasi. Inatiririka, atomi zake husafiri, na fuwele huwahi kutokea. Riolaiti, lava ya aina nyingine, ina silika inayokaribia au kupita asilimia 70, nayo hutoka kwenye joto la chini zaidi, mara nyingi kati ya nyuzi 700 na 900. Humo silika imeshikana minyororo minyororo, na atomi hazina pa kupita. Ndiyo maana obsidiani, ambayo ni kioo cha riolaiti, hupatikana kwa mabonge makubwa, kama yale ya bonde la Naivasha nchini Kenya ambako watu wa kale walichonga visu vyake.

Basalti ili iwe kioo inahitaji kushtuliwa. Lava inapotokea chini ya bahari hufanya mafundo ya duara kama mito ya kulalia, na ngozi ya kila fundo, yenye unene wa sentimita chache, ni kioo. Ndani yake ni chembe ndogo za kawaida.

Weusi wa obsidiani usikupoteze. Kemikali zake zinafanana na za itale (graniti) nyeupe au ya waridi. Kiasi kidogo cha madini ya chuma yaliyotawanyika kama vumbi kinatosha kulitia jiwe zima giza.

7. Je, fuwele zinaweza kuzaliwa bila joto kushuka?

Ndiyo, na hili ndilo swali ambalo ningependa liulizwe zaidi.

Maji yaliyoyeyuka ndani ya magma hushusha joto la kuganda. Magma inapopanda, mgandamizo hupungua, na maji hutoka kama mapovu, sawa na chupa ya soda ikifunguliwa. Maji yakishaondoka, joto la kuganda hupanda ghafla, na magma ambayo dakika chache zilizopita ilikuwa na raha yake hujikuta iko chini sana ya kiwango hicho. Haikupoa, ila kipimo ndicho kilichosogea. Mbegu huzaliwa kwa wingi, na matokeo yake ni vijifuwele visivyoonekana ila kwa hadubini, ambavyo hujaa kwenye mkondo wa volkano na kuifanya lava kuwa nzito hata ikaziba njia.

Jambo hilohilo hueleza aplaiti, mwamba mweupe wa chembe ndogo kama sukari unaokata itale kama mishipa. Uligandia chini ardhini, mahali palipokuwa na joto, ambapo mwanafunzi angetarajia chembe kubwa. Mara nyingi maelezo ni kwamba maji yaliponyoka na mwamba ukaganda kwa mpigo mmoja.

## Sura mbalimbali za unamu

8. Mbona baadhi ya mawe yana fuwele kubwa zilizotawanyika ndani ya jiwe la chembe ndogo?

Unamu huo huitwa porfiri. Fuwele kubwa zilianza kukua chini, katika hodhi la magma lililokuwa likipoa kidogo kidogo. Kisha magma ikapanda, na sehemu iliyokuwa bado majimaji ikaganda haraka kuzizunguka. Hiyo sehemu ya pili, yenye chembe ndogo, nitaiita tandiko.

Mifano mizuri kupita yote katika Tanzania iko Kibo, kilele cha Kilimanjaro chenye mita 5,895. Baadhi ya lava zake zina fuwele za feldspa zenye umbo la uru wa karata, nyingine zikipita sentimita moja, zimekaa juu ya tandiko la kijivu kana kwamba mtu kazimwaga. Wapandaji huzikanyaga bila kuziona.

Mezani pangu lipo jiwe la Ngazija, kubwa kama embe dodo. Ni jeusi, lina vitundu, na ndani yake mna chembe za kijani cha chupa za olivini, kila moja kama punje ya mtama. Ukilitazama kwa lenzi unaona kwamba baadhi ya punje zina kingo kali na nyingine zimemomonyoka, zimeingia ndani kama pwani yenye ghuba. Zilizomomonyoka zilianza kuyeyuka tena kabla ya jiwe kuganda, labda kwa sababu magma mpya yenye moto zaidi iliingia, au mgandamizo ulipungua. Jiwe moja la mkononi, na tayari lina hadithi mbili zisizolingana. Feldspa huhifadhi habari kama hizi kwa pete, moja juu ya nyingine kutoka katikati kwenda nje, na kila pete ina kemikali yake.

9. Fuwele zilizolala upande mmoja zimepangwa na nini?

Zimepangwa na mwendo. Angalia mashua zilizotia nanga maji yanapovuta: zote huelekeza omo upande mmoja, ingawa hakuna aliyeziamuru. Vibao vyembamba vya feldspa hujipanga vivyo hivyo lava inapotiririka huku ikikaribia kuganda. Unamu huu ni wa kawaida katika trakaiti, aina nyingine ya mwamba wa volkano. Kinapokuwapo kikwazo, kama fuwele kubwa, vibao hupinda kukizunguka.

10. Vitundu ni vya nini, na lozi nyeupe zilizomo zimetoka wapi?

Vitundu ni mapovu ya gesi yaliyokamatwa lava ilipoganda. Lozi ni madini yaliyokuja baadaye, pengine baada ya miaka mingi, wakati maji yaliyopita katika jiwe yalipoacha chokaa au kwatzi au zeolaiti ndani ya vitundu hivyo. Kwa hiyo lozi hazisemi chochote kuhusu kupoa kwa lava.

11. Fuwele moja ya pirokseni (madini ya rangi nzito) ikiwa imezimeza feldspa nyingi, je, feldspa ndizo zilizotangulia?

Vitabu vingi husema hivyo, nami nilifundishwa hivyo. Mara nyingine ni kweli. Lakini rudi kwenye Swali la 4: ikiwa feldspa ilipata mbegu nyingi na pirokseni ikapata mbegu moja moja, zote mbili zinaweza kukua kwa wakati mmoja, na bado pirokseni chache zikatanuka na kuzifunika feldspa nyingi. Kumezwa si lazima kuwe dalili ya kuchelewa.

## Mambo yenye utata

12. Mawe yanayoelea yanayookotwa pwani ni miamba kweli?

Ni miamba kweli. Ni pumisi, yaani kioo kilichojaa mapovu mengi kiasi kwamba hewa iliyomo hulifanya jiwe liwe jepesi kuliko maji. Kuta kati ya mapovu ni nyembamba kama karatasi, na mara nyingi zimevutwa zikawa nyuzi za kung'aa, kwa sababu kioo kilikuwa kingali kinanyumbuka wakati gesi ikitanuka.

Volkano ya Krakatau, Indonesia, ilipolipuka tarehe 27 Agosti 1883, pumisi ilitanda baharini kama mikeka ikachukuliwa na mikondo kuelekea magharibi. Mwaka 1884 ilifika pwani ya Afrika Mashariki, Unguja ikiwamo. Krakatau na Unguja zimekaa karibu kwenye latitudo moja, nyuzi 6 kusini, umbali wa zaidi ya kilomita 7,000. Kipande cha pumisi kilichosafiri huwa kimeviringika, na mara nyingi kina magamba ya viumbe vya baharini vilivyojishikiza juu yake. Hilo hukitofautisha na cha dukani.

13. Je, kila mwamba wa chembe ndogo ulitoka juu ya ardhi?

La. Aplaiti imeshatajwa katika Swali la 7. Magma iliyoingia kwenye ufa wa mwamba baridi nayo huwa na chembe ndogo ukingoni na kubwa zaidi katikati. Ukipewa kipande cha ukingoni peke yake, huwezi kukitofautisha kwa macho na lava ya juu ya ardhi; inabidi kurudi mahali kilipotoka.

14. Kioo cha volkano hudumu milele?

Hakidumu. Kioo ni kimiminika kilichokwama, na atomi zake zikipewa muda, maji na joto kidogo hujipanga upya. Kwanza hutokea viduara vya nyuzi za feldspa na kwatzi, baadaye jiwe lote hufifia na kuwa na chembe ndogo mno. Hii ndiyo sababu obsidiani nyingi ulimwenguni ni changa kwa hesabu ya miamba. Basi chembe ndogo katika riolaiti ya kale huenda hazikuzaliwa ndani ya lava kabisa.

15. Lazima niwe na hadubini?

Kwa kutofautisha porfiri, vitundu na kioo, lenzi ya mkononi inatosha. Kwa tandiko lenyewe, hadubini haikwepeki: kipande cha jiwe husuguliwa mpaka kiwe na unene wa milimita 0.03, ambapo hata basalti nyeusi hupitisha mwanga. Henry Clifton Sorby wa Uingereza ndiye aliyeonyesha thamani ya kazi hiyo katikati ya karne ya 19.

16. Lava ya Ol Doinyo Lengai inafuata kanuni hizi?

Inafuata kanuni, ila kwa vipimo vya kwake. Ndiyo volkano pekee hai duniani inayojulikana kutoa lava ya kaboneti yenye sodiamu nyingi, ambayo karibu haina silika. Joto lake ni nyuzi 500 hadi 600 tu, na usiku wekundu wake ni hafifu. Mchana huonekana kama tope jeusi. Kwa kuwa haina minyororo ya silika iliyoelezwa katika Swali la 6, hutiririka kwa wepesi wa ajabu, na atomi hazina kizuizi cha kufika kwenye mbegu.

Unamu wake ni porfiri: vibao vya nyerereiti na punje za gregoriiti ndani ya tandiko laini. Jina la kwanza limetokana na Julius Nyerere, la pili na mwanajiolojia J. W. Gregory. Madini yote mawili huathiriwa upesi na unyevu wa hewa. Lava iliyoganda ikiwa nyeusi huanza kuingia weupe baada ya saa chache, na baada ya siku kadhaa huwa nyeupe na kuanza kumeguka. Anayetaka kuona unamu wake wa asili hulifungia jiwe mahali pakavu mara tu linapopoa, na akilisugua kwa ajili ya hadubini hutumia mafuta badala ya maji.